Mnazi mfu, harabu ya mzima

Mwaka 2025 mafuta ya nazi yalifika bei ambayo soko la dunia halikuwa limewahi kuiona, baada ya ukame wa El Niño kupunguza mavuno ya Ufilipino na Indonesia. Huku pwani habari hiyo haikuhitaji gazeti. Watu waliokuwa wakiuza minazi yao kwa wapasua mbao wameanza kuuliza miche. Vitalu vinaonekana kando ya barabara, na kiongozi anayetaka picha nzuri siku hizi hupigwa akiwa ameinama na mche wa mnazi mkononi. Pamoja na miche limerudi lalamiko la zamani: chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi. Mche unapandwa masika, mwaka wa pili unatoa makuti yaliyokatwakatwa kama kwa mkasi, na kabla ya kufika magotini kwa mtu mzima ncha yake imenyauka. Ndipo zinapokuja kauli tunazozisikia kila pahali, kwamba chonga wamezidi wenyewe tu bila sababu, kwamba Serikali ilete dawa, kwamba huyu ni mdudu mpya aliyetoka Asia. Naona kauli zote tatu zimekosea, na kosa lenyewe litagharimu miche mingi. Wingi wa chonga unatokana na maiti za minazi tulizoziacha bila kuzikwa. Mche unaopandwa katikati ya magogo yanayooza umepandiwa chonga, na dawa ya kupuliza haigeuzi hesabu hiyo.

Tuanze na mdudu mwenyewe, kwa kuwa nje ya mashamba ya minazi hajulikani sana. Akigonga taa ya barazani usiku na kuanguka chali sakafuni, mtu wa mjini atamwita dundu, atampiga teke, basi. Wataalamu humwita Oryctes monoceros, jina alilolipata mwaka 1789, na humweka katika ukoo mmoja na wale mbawakawa wanaoviringisha mavi ya ng'ombe, ingawa tabia zao ni mbalimbali. Ni mweusi mwenye wekundu wa kahawia, mwili umejaa kama kokwa la tende, na kichwani ana pembe moja iliyopinda nyuma, ndefu zaidi kwa dume. Jina la chonga linafanana na kitenzi cha kuchonga, na ukishaliona tundu lake kwenye shina la kuti hutauliza kwa nini. Huyu ni mwenyeji wa Afrika, hakuletwa na meli. Anayetoka Asia ni binamu yake, Oryctes rhinoceros, ndiye anayeonekana katika video za visiwa vya Guam na Hawaii zinazosambazwa kwenye simu. Wanafanana kiasi cha kumchanganya asiye mtaalamu, lakini ukiamini kwamba adui ni mgeni, utatafuta mlango alioingilia bandarini badala ya kutazama uani kwako.

Katika maisha ya chonga lipo jambo moja ambalo mjadala wote unalihitaji. Wadudu wengi wa mazao huharibu wakiwa funza, wakishaota mabawa huwa wamekwisha kula. Chonga ni kinyume. Funza wake, mnene, mweupe, aliyejikunja kama pete, haugusi mnazi ulio hai. Anakula mti uliooza, hasa gogo la mnazi uliokufa, na kwa kufanya hivyo anaurudisha udongoni, kazi ambayo hatumlipi. Anayetuumiza ni mdudu mzima. Huruka usiku, hutua kileleni mwa mnazi, hupenya kwenye pembe ya kuti na kuchimba kuelekea ndani huku akitafuna nyuzi na kunywa maji yake. Machujo yanayochomoza kwenye tundu ndiyo dalili ya kwanza. Kuti analolitoboa huwa bado limefungwa, likiwa limekunjika kama mwavuli, kwa hiyo tundu moja hupita kwenye mikunjo mingi kwa pamoja. Kuti likija kufunguka miezi baadaye, linaonyesha yale mapengo ya pembetatu ambayo kila mkulima wa pwani anayajua. Mnazi mkubwa hustahimili jeraha la namna hiyo, hutoa kuti jingine na kuendelea kuzaa, japo kwa kupungua. Mche hauna nafasi hiyo. Mnazi hauna matawi wala macho ya akiba. Una kichilema kimoja tu, ule moyo mweupe wa kileleni, na kwenye mche wa miaka miwili au mitatu kichilema hicho hakiko mbali na tundu la chonga. Akikifikia, mche umekwisha.

Kwa hiyo chonga ana nyumba mbili: anakula kwenye mnazi ulio hai na anazaa kwenye mnazi uliokufa. Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na hapa msemo huo unafanya kazi kwa maana yake ya wazi kabisa. Shamba lenye minazi hai mia bila gogo hata moja litakuwa na chonga wachache wa kupita. Shamba lile lile likiwa na maiti kumi zilizosimama litawatoa kwa mfululizo, miezi na miezi, tangu mti unapoanza kulainika hadi unapobaki unga. Niliwahi kuona kisiki kimoja kikipasuliwa kwa shoka katika shamba la jamaa zangu. Tulianza kuhesabu funza waliomo, tukaacha kabla ya kufika nusu ya kisiki. Hatua chache kutoka hapo ilisimama miche aliyokuwa amegawiwa mwenye shamba, yote ikiwa na ncha zilizoliwa. Yeye alikuwa ameulizia bei ya dawa siku hiyo hiyo.

Hizi maiti zimetoka wapi? Nyingine ni za uzee, maana sehemu kubwa ya minazi ya mwambao ilipandwa na watu ambao leo ni majina tu katika hati za mirathi. Nyingine ni za ugonjwa wa kunyong'onyea, unaosababishwa na vimelea vidogo mno vinavyokaa ndani ya njia za utomvu. Ugonjwa huo umekuwa ukiua minazi ya Tanzania Bara, kusini zaidi kuliko kaskazini, kwa muda unaozidi miaka mia moja. Mnazi uliouawa nao hupukutisha nazi, makuti huanguka, shina hubaki limesimama kama nguzo ya simu. Nguzo hiyo ndiyo nyumba bora kuliko zote, kwa sababu chonga huanza kutaga juu kwenye kilele kilichooza, mahali ambapo mtu aliye chini haoni kitu.

Chanzo cha tatu hakizungumzwi, nacho ni biashara ya mbao. Mbao ya mnazi ilipopata soko, wengi walifurahi, nami nikiwemo, kwamba hatimaye mnazi uliozeeka utakuwa na thamani na utaondolewa shambani. Tulisahau umbile la mnazi. Ugumu wake uko chini na pembeni mwa shina. Ukipanda juu, na ukiingia katikati, mti ni laini kama sifongo na haufai kwa boriti wala kenchi. Basi mpasuaji hukata, huchukua kipande cha chini alichokilipia, na kuacha kilele pamoja na kisiki. Ameondoa sehemu ambayo funza wa chonga angeitafuna kwa tabu na kumwachia sehemu anayoipenda. Kila fungu la mbao linalopandishwa kwenye gari limeacha nyuma mazalia mawili, na hakuna risiti inayoyataja.

Atakayeona natia chumvi atazame yaliyotokea kwingine. Katika visiwa vya Palau huko Pasifiki, yule binamu wa Asia aliingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na minazi iliyoangushwa na mabomu ya vita hiyo haikupata mtu mwenye muda wa kuiondoa. Miaka michache baadaye karibu nusu ya minazi ya visiwa hivyo ilikuwa imekufa. Guam ilimgundua mwaka 2007 na ikapambana naye kwa kiasi. Mwezi wa Mei 2015 kimbunga Dolphin kikaangusha miti kisiwa kizima, na mbao zilizooza baada ya kimbunga zikazaa mlipuko ambao mitego na dawa havikuuzuia. Minazi iliyokufa kwa mlipuko ule ikawa mazalia ya mlipuko uliofuata. Karibu na sisi kuna Zambezia, Msumbiji, iliyokuwa na mashamba ya minazi makubwa kupita kiasi. Ugonjwa unaofanana na kunyong'onyea kwetu uliua miti huko kwa halaiki, na nyuma ya ugonjwa akafuata chonga wetu huyu huyu, akizaa katika mashina yaliyosimama na kushambulia miche iliyopandwa kuziba pengo. Mradi mkubwa uliofadhiliwa na Marekani kati ya 2008 na 2013 ulilazimika kukata na kuchoma minazi sambamba na kugawa miche, maana kugawa miche peke yake kungekuwa sawa na kuwapelekea chonga chakula.

Sasa nizitazame hoja za upande mwingine, nikianza na iliyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayopigiwa kelele, hoja ya dawa ya kupuliza. Chonga hali uso wa jani. Anapoonekana, tayari yuko ndani ya shina la kuti, amejiziba kwa machujo yake mwenyewe, na dawa inayodondoka juu ya makuti haimfikii. Watoto wake hawako kwenye mnazi ule kabisa, wako kwenye gogo la jirani. Mnazi mkubwa una urefu wa mita ishirini na zaidi. Sijui mkwezi gani atapanda na bomba la dawa mgongoni, kisha kesho yake apande tena kuangua madafu ya kuuza. Na kuna hasara isiyoonekana haraka. Majimoto, wale chungu wekundu wanaotufanya tushuke mtini kwa kasi, ndio walinzi wa nazi changa. Wanamfukuza mdudu mwingine kabisa, Pseudotheraptus wayi, anayefyonza vidaka hadi vikapukutika kabla ya kuwa vitale. Uhusiano huo ulichunguzwa Zanzibar miongo mingi iliyopita, na mdudu mwenyewe amepewa jina la mtafiti aliyefanya kazi huko. Ukipuliza sumu, wa kwanza kufa ni majimoto, kwa sababu wao wanatembea juu ya makuti mchana kweupe. Chonga atabaki, na vidaka vitaanza kuanguka.

Niseme kwa haki kwamba kwenye mche mdogo mambo ni tofauti. Dawa ya chembechembe inayowekwa kwenye pembe za makuti, au mchanga uliochanganywa na majivu au mwarobaini kama wazee walivyofanya, humpa mche kinga ya muda. Waya wenye ncha ya ndoana unaoingizwa tunduni kumchokonoa chonga nao unafaa, hasa ukimtoa jike kabla hajarudi kutaga. Hizi ni kinga za mche mmoja mmoja, zinazodai mtu apite kila wiki kwa miaka mitatu au zaidi. Anayeishi shambani ataweza. Aliyepanda heka mbili Mkuranga naye anakaa Kariakoo hataweza, na miche mingi ya msimu huu wa bei nzuri ni ya watu wa namna hiyo.

Hoja ya mitego ina uzito zaidi. Dume la chonga hutoa harufu ya kuwaita wenzake, wa kike na wa kiume, na wanakemia waliitambua harufu hiyo katika miaka ya 1990 wakaweza kuitengeneza. Ukiining'iniza ndani ya ndoo yenye tundu, wanaingia. Nimeisikia ikisifiwa kama suluhisho lililobaki kununuliwa tu. Mtego unasaidia sana kukuonyesha chonga wako wapi na wanaongezeka au wanapungua. Ila mtego unaowekwa katikati ya magogo unawaita chonga wa mtaa mzima waje mahali penye chakula na kitanda cha kuzalia, na sio wote watakaoingia ndooni. Isitoshe, harufu hiyo inaagizwa nje na inaisha. Mwenye shamba atanunua ya kwanza akiwa na hamasa, ya pili kwa kusitasita, ya tatu hataitafuta.

Kuna pia hoja ya virusi, nayo naiheshimu kuliko zote. Mwaka 1963 mtafiti Mjerumani, Alois Huger, aligundua Malaysia kirusi kinachowaua mbawakawa hawa bila kugusa kitu kingine. Kilipopelekwa Samoa mwaka 1967, kisiwa kilichoteswa na binamu wa Asia tangu 1909, wadudu walipungua kwa namna iliyowashangaza watu. Ushelisheli na Tanzania zikakijaribu katika miaka ya 1980 dhidi ya chonga wetu. Kilijishikiza, lakini maajabu ya Samoa hayakujirudia. Nakubali utafiti uendelee, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, kina historia ya kazi ya minazi inayokipa haki ya kuufanya. Lakini mche wa masika ijayo hauwezi kusubiri maabara. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba ushindi ulio kamili kuliko wote ulipatikana bila maabara yoyote. Katika kisiwa kidogo cha Niuatoputapu, Tonga, yule binamu wa Asia alitokomezwa kabisa katika miaka ya 1920, kwa watu kutafuta kila gogo, kila kisiki na kila rundo la uchafu na kuliondoa. Kisiwa kidogo ni rahisi kuliko mwambao mzima, nakiri. Hata hivyo hatuhitaji kumtokomeza chonga. Tunahitaji awe mchache kiasi cha mche kuvuka miaka yake minne ya hatari.

Pingamizi lililo zito linatoka kwa wakulima wenyewe, na sitajifanya nina jibu jepesi. Kuangusha mnazi uliokufa ni kazi ya fundi, ni ya hatari, na inalipiwa. Gogo la mnazi lenye unyevu halishiki moto ovyo, lazima lipasuliwe, likauke, lipangwe. Mwenye minazi sitini iliyokufa anaambiwa atumie fedha kuondoa kitu kisicho na faida, ili miche ambayo kwa minazi mirefu ya kwetu itachukua miaka sita au zaidi kuzaa iwe salama. Na hata akifanya hivyo, je, jirani? Chonga anaruka, hajui mpaka. Hapa ndipo naona suala linaacha kuwa la wadudu na kuwa la umiliki. Pwani yetu ina desturi ya muda mrefu ambapo ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi ya mwingine. Minazi imewekwa rehani, imerithiwa na ndugu kumi na wawili waliotawanyika Mombasa, Dar es Salaam na Muscat. Mnazi ukizaa, wenyewe wanajulikana. Ukifa, hauna mwenyewe. Aliye karibu haukati akihofia kuambiwa ameiba mbao za urithi, na walio mbali hawajui kama umekufa. Kule Unguja na Pemba, kwenye zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, mara nyingi kizazi cha tatu sasa kinagawana minazi ile ile iliyozeeka, na hakuna aliyetengewa fungu la kuondoa maiti.

Ndiyo maana simlaumu mkulima, na wala sidhani kumhimiza kwenye semina kutatosha. Mzigo uhamie kwa mtu anayepata fedha taslimu siku mti unapoanguka, yaani mpasua mbao na anayempa kibali. Kibali cha kusafirisha mbao za mnazi kinaweza kudai kwamba kilele kimepasuliwa na kisiki kimechimbuliwa au kimefukiwa kabla gari halijaondoka. Bei ya mbao itapanda kidogo, sawa, mnunuzi wa mbao alipe usafi wa shamba alilolivuna. Kwa minazi iliyokufa kwa kunyong'onyea, ambayo mpasuaji haitaki, fedha ya kununulia miche igawanywe: sehemu inunue miche, sehemu ilipe shoka na msumeno. Kijiji kikipata miche elfu moja badala ya elfu mbili, lakini kimesafishwa, nina hakika minazi itakayosimama baada ya miaka mitano itakuwa mingi zaidi. Na pale ambapo visiki vimeshindikana, kunde za kutambaa zilizooteshwa juu yake huvificha, kwa kuwa chonga hutafuta gogo lililo wazi na jani zito humzuia kulifikia. Hiyo ni kazi ya mbegu za bei nafuu, tena ng'ombe watashukuru.

Kuna mambo yanayofanana na chonga ambayo hayatatatuliwa kwa njia hii, na ni vizuri kuyatenga. Nzi weupe wanaotia masizi makuti ya Kwale na Kilifi hawana uhusiano na magogo. Funza wakubwa wanaoonekana kwenye rundo la samadi wanaweza kuwa wa Oryctes boas, ndugu mwingine, na kugeuza rundo mara kwa mara kuku wakiwa karibu huwamaliza. Wasomaji wa Oman wanaye wa kwao kwenye mitende, Oryctes agamemnon, mwenye tabia zake. Tukiyaita yote chonga, tutapuliza kila kitu.

Jambo la kwanza ambalo bwana shamba anapaswa kumuuliza anayekuja kuchukua miche ni ana maiti ngapi za minazi shambani na kwa majirani wake wa karibu. Kama ni nyingi, miche ibaki kitaluni. Itangoja, haitaoza. Kaskazi, jua likiwa kali na upepo mkavu, ndiyo nafasi ya kuangusha, kupasua na kuchoma. Masika yakishaanza, gogo la mnazi halishiki moto tena.